Njaa ya Upendo Ndani ya Ndoa



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tunazungumza juu ya njaa ambayo haipimwi kwa mizani wala haionekani kwa darubini, ingawa inawafikisha watu wengi zahanati. Ni njaa ya upendo ndani ya ndoa.

Tunamfikiria mama mwenye nyumba, chakula, watoto na cheti cha ndoa, lakini hakumbuki ni lini mume wake alimwita kwa upole. Tunamfikiria pia baba anayetoka kazini amechoka, akifika nyumbani anapokewa na madai na lawama, halafu anakula peke yake na kulala akiutazama ukuta. Wote wawili wanakwenda kanisani kila Dominika. Majirani wanawaona ni familia ya mfano. Lakini ndani ya nyumba hakuna neno tamu, hakuna kicheko, hakuna mkono unaomgusa mwenzake kwa huruma.

Watu hawa wanaona aibu kusema. Mama anaogopa kuambiwa, "Unataka nini zaidi? Si unakula na kuvaa?" Baba anaogopa kuchekwa kwamba mwanamume mzima analilia kubembelezwa. Hivyo kila mmoja anaificha njaa yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lengo la somo letu ni kuonyesha kwamba njaa hii ni ya kweli, kwamba si dhambi wala udhaifu kuwa nayo, na kwamba dawa yake inaanza pale mtu anapoitaja kwa jina lake mbele ya mtu anayefaa.

1. Biblia inaifahamu njaa hii

Wakristo wengi wanadhani kwamba kutamani kupendwa na mwenzi ni jambo la kidunia lisilofaa kupelekwa mbele ya Mungu. Hebu tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 29. Hapo tunakutana na Lea, binti wa Labani. Yakobo alimtaka Raheli, akafanya kazi miaka saba kwa ajili yake, lakini usiku wa arusi baba mkwe akampa Lea kwa hila. Lea akaingia katika ndoa ambayo mume hakuichagua. Akawa mke halali asiyependwa.

Tazama majina aliyowapa watoto wake. Wa kwanza alimwita Reubeni, akisema Bwana ameyaona mateso yake na sasa mume wake atampenda. Wa pili akamwita Simeoni, kwa sababu Bwana amesikia kwamba hapendwi. Wa tatu akamwita Lawi, akitumaini kwamba safari hii mume wake ataungana naye. Mama huyu alikuwa akiandika njaa yake katika majina ya watoto. Kila mimba ilikuwa na tumaini jipya, na kila tumaini lilivunjika. Alipozaa wa nne akamwita Yuda, akamsifu Bwana.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, Maandiko Matakatifu hayamkemei Lea kwa kutamani kupendwa. Yanasema Mungu aliona kwamba hapendwi, akamhurumia. Ikiwa Mungu mwenyewe aliona, sisi tusijifanye hatuoni. Pili, watoto hawakuiponya njaa ile. Hata leo wapo wanaoshauriwa, "Mzalie mtoto mwingine, atatulia." Mtoto ni zawadi ya Mungu. Hapaswi kupewa kazi ya kuirekebisha ndoa ya wazazi wake.

2. Mwili nao unahitaji upendo

Labda mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya moyo, hayahusu afya. Sayansi inaonyesha vingine.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Harry Harlow, alieleza majaribio aliyofanya na watoto wa nyani waliotengwa na mama zao. Aliwawekea sanamu mbili za mama. Moja ilikuwa ya waya mtupu, nyingine imefunikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwenye sanamu ya waya, watoto wale walikwenda kunyonya, kisha wakarudi haraka kuikumbatia ile ya kitambaa, wakakaa nayo sehemu kubwa ya siku. Chakula peke yake hakikuwatosha. Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili kwa wanyama wale, lakini somo lake halijasahauliwa.

Kina mama waliojifungua watoto njiti wanalijua somo hilo kwa njia ya huruma. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za joto zilikuwa chache. Watoto walipata joto, wakanyonya vizuri, wengi wakapona. Leo hii huduma ya kangaruu inafundishwa katika hospitali zetu, na Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa watoto njiti wote. Mtoto wa kilo moja na nusu anahitaji maziwa na kifua cha mama yake.

Je, mtu mzima ameacha kuhitaji? Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya wake 16. Walipimwa ubongo kwa mashine huku wakijua kwamba huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu zilitulia zaidi kuliko waliposhikwa na mtu wasiyemjua, au walipokuwa peke yao. Wenye ndoa yenye amani zaidi ndio waliotulia zaidi. Mkono uleule wa mume uliwafaa kwa kadiri ya upendo uliokuwamo ndani ya nyumba.

Uchunguzi mwingine ulitolewa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Jozi 42 za wanandoa zilikubali kufanyiwa vidonda vidogo vya malengelenge kwenye mkono. Walipozungumza kwa kusaidiana, vidonda vilipona upesi. Walipobishana juu ya mambo yanayowagawa, vidonda vilichelewa kupona, na kwa wale waliokuwa na chuki nyingi vilichelewa zaidi. Kumbe maneno ya chumbani yanaweza kufika hadi kwenye ngozi ya mkono.

Sababu yake inaeleweka. Mtu akiishi katika ubaridi na hofu siku zote, mwili hutoa kwa wingi homoni za mfadhaiko, kama kortisoli. Homoni hizo ni njema mtu anapokimbia nyoka. Zikiendelea kutoka mwezi baada ya mwezi, zinapandisha shinikizo la damu, zinaharibu usingizi na kupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na magonjwa.

3. Dalili tunazoziona zahanati

Mtu mwenye njaa ya upendo haji kusema, "Nina njaa ya upendo." Anakuja na kichwa. Anakuja na mgongo, na moyo kwenda mbio, na kukosa usingizi. Anapimwa malaria, haonekani. Anapimwa choo na mkojo, hakuna kitu. Anapewa dawa za maumivu, baada ya wiki mbili amerudi. Maumivu yake si ya uongo. Mwili unasema kile ambacho mdomo umekatazwa kusema.

Hapa yafaa turekebishe jambo moja. Watu wengi husema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Wataalamu wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinahusiana na bakteria, ambao hutibiwa kwa dawa. Vingine huletwa na kutumia mno baadhi ya dawa za maumivu. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini usiache kupimwa kwa kusema, "Ni mawazo tu ya nyumbani."

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni sonona. Sonona si huzuni ya siku moja. Ukiona dalili hizi kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, nenda hospitali:

a) Huzuni nzito, au kutofurahia chochote, hata yale uliyoyapenda.
b) Usingizi kukimbia, au kulala kupita kiasi.
c) Kupoteza hamu ya chakula, au kula bila kipimo.
d) Uchovu usioisha, na akili kushindwa kutulia kwenye kazi.
e) Kujiona hufai, au kujilaumu kwa kila jambo.
f) Mawazo ya kutaka kufa.

Hiyo ya mwisho haingoji wiki mbili. Mtu akitamka kwamba ni afadhali afe, asiachwe peke yake. Dawa, sumu za shambani na kamba viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mshauri nasaha na kwa dawa pale zinapohitajika. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, hivyo mgonjwa asiziache njiani. Tunaonya pia juu ya kununua vidonge vya usingizi dukani bila cheti cha daktari. Mwili huvizoea, na mtu hushindwa kulala bila hivyo.

4. Kwa nini upendo hupoa?

Kabla ya kumhukumu mwenzako kwamba amekuacha moyoni, chunguza sababu. Nyingine ni za mwili na zina tiba.

Ugonjwa. Kisukari na shinikizo la damu vinaweza kupunguza nguvu za kiume, na baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo pia. Baba anaona aibu, anaanza kukaa mbali na mke wake asije akashindwa. Mke naye anadhani hatakiwi. Wote wawili wanateseka kwa jambo ambalo daktari angeweza kulishughulikia, pengine kwa kubadilisha dawa tu. Lakini mgonjwa asiache dawa za presha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Uzazi. Mama aliyejifungua anachoka, hapati usingizi, na anaponyonyesha homoni zake hubadilika, hata tendo la ndoa linaweza kumletea maumivu. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayekoma hedhi. Mume asiyejua hayo anasema, "Mke wangu amenikinai." Wengine hupata sonona baada ya kujifungua, nayo inahitaji matibabu mapema.

Umbali na kazi. Baba yuko machimboni au mjini, anarudi mara mbili kwa mwaka kama mgeni. Au wote wawili wanalala chini ya paa moja, lakini kila mmoja macho yake yako kwenye simu mpaka usingizi unamchukua.

Malezi. Wengi wetu tulilelewa na baba ambaye hatukumwona hata siku moja akimsifu mama. Kijana aliyefundishwa kwamba mwanamume hacheki na mke wake anaingia katika ndoa bila lugha ya upendo. Si kwamba moyo wake ni mtupu. Hajui njia ya kuutoa upendo huo nje. Wako pia wanaodhani kwamba wakishalipa mahari wamemaliza deni lote.

Ulevi na vinyongo. Pombe hula fedha, heshima na usingizi wa nyumba. Na kinyongo kisichosemwa hukua gizani kama uyoga. Mke anakumbuka neno alilotukanwa siku ya msiba wa mama yake miaka tisa iliyopita. Mume anakumbuka alivyoaibishwa mbele ya wakwe. Hakuna aliyeomba msamaha, na hakuna aliyesahau.

5. Vyakula vya uongo

Mwenye njaa huokota hata kisichofaa kuliwa. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, kinasimulia kwamba Lea na Raheli waligombania tunguja, mimea iliyoaminiwa kuleta uzazi, na Lea akazitumia kumpata Yakobo kwa usiku mmoja. Usiku ukapita, na mashindano ya ndugu wale wawili yakaendelea.

Tunguja za siku hizi zinaitwa limbwata. Mama anauza kuku wake, anampelekea mganga fedha, anapewa unga wa kutia kwenye chakula cha mume. Huo unga ni nini, hakuna ajuaye. Majani na mizizi isiyojulikana kipimo chake inaweza kuharibu ini na figo. Na hata kama mume angebaki nyumbani kwa sababu hiyo, je, huo ungekuwa upendo? Upendo ni tunda la hiari. Mtu aliyefungwa hapendi.

Chakula kingine cha uongo ni mapenzi ya nje. Mara nyingi hayaanzi na tamaa ya mwili. Yanaanza na mtu anayesikiliza. Mfanyakazi mwenzake anamwuliza, "Leo mbona huna raha?" na moyo wenye njaa unafunguka. Tunasema hivi ili uutambue mlango kabla hujaupita. Siri unazompa mtu wa nje ungepaswa kumpa mwenzi wako, au padre, au mshauri. Nyumba ndogo inaleta uongo, inagawa kipato cha watoto, na inaweza kuingiza virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa nyumbani. Kama imeshatokea, msifiche kwa aibu. Pimeni wote wawili. Mwenye virusi anayetumia dawa vizuri kila siku, mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, anaishi maisha marefu na hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Chakula cha tatu hakionekani kuwa kibaya. Mama anamgeuza mtoto wake wa kwanza kuwa msiri wake, anamweleza machungu yote ya baba. Baba anamfanya binti yake kuwa mfariji wake. Mtoto anabebeshwa mzigo wa mtu mzima. Mpende mtoto wako, lakini machozi ya ndoa yapeleke kwa watu wazima.

6. Dawa ya nyumbani

Kwanza, itaje njaa bila kulaumu. Kuna tofauti kubwa kati ya lawama na ombi. Mke akisema, "Wewe siku hizi una moyo wa jiwe, hunijali hata kidogo," mume atajitetea au ataondoka. Lakini akichagua saa ya utulivu, watoto wamelala, akasema, "Baba watoto, nimekumisi ingawa tunalala nyumba moja. Zamani ulikuwa unakaa nami jikoni tukizungumza. Naomba Jumamosi tukae hivyo tena," amempa mume wake kitu anachoweza kutenda. Vivyo hivyo mume aseme, "Mama watoto, nikirudi nyumbani natamani unipokee kwanza, halafu ndipo tuzungumze ada ya shule." Ombi liwe moja, liwe dogo, liwe wazi. Usimwachie mwenzako kazi ya kubashiri.

Pili, rudisheni maneno matatu. Marehemu Papa Fransisko alipenda kuwakumbusha wanandoa maneno ya tafadhali, asante na samahani. Katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 aliwashauri pia kubusiana asubuhi, kubarikiana usiku, na kumngojea mwenzi na kumpokea anaporudi. Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi fanyeni kwa desturi yenu: mpokee mzigo, mtengee maji ya kuoga, mwulize habari za kazi, mwimbie, mwite kwa lile jina mlilotumia wakati wa uchumba.

Tatu, mguso usio na madai. Mke anapoguswa tu pale mume anapotaka tendo la ndoa, mwisho wake anaogopa hata kuguswa bega. Shikaneni mikono mnaposali. Mkandie mwenzako miguu iliyochoka. Mguso wa namna hiyo hufundisha mwili kwamba hapa ni mahali salama. Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawakumbusha mume na mke kwamba kila mmoja ana haki kwa mwenzake, na kwamba kujitenga kuwe kwa makubaliano. Anasema nao wote wawili kwa usawa. Hakumpa mmoja fimbo ya kumlazimisha mwingine.

Nne, wema uwe mwingi kuliko ukali. Mtafiti wa ndoa John Gottman wa Marekani aliwachunguza wanandoa wengi wakibishana. Aliona kwamba katika ndoa zilizodumu kwa furaha, hata wakati wa ugomvi, kwa kila jambo moja baya palikuwa na mema kama matano: kutikisa kichwa kwa kusikiliza, mzaha mdogo, neno la kukubali. Haba na haba hujaza kibaba. Leo ukimkosoa mwenzako mara moja, jihesabie mema matano unayomdai nafsi yako kabla ya kulala.

Tano, tengeni saa. Nusu saa kila wiki, bila simu, bila watoto, bila habari za madeni. Mwezi wa kwanza mtaona ni vigumu na mtakosa la kusema. Msikate tamaa. Kidonda cha miaka kumi hakifungi kwa siku moja.

7. Na mwenzangu akikataa?

Hili ndilo swali gumu. Wapo walioomba, waliolia, waliojaribu yote, na mwenzi bado ni baridi kama jiwe la mtoni. Hatutawadanganya kwamba kila moyo hulainika.

Kwa ndugu hao tunasema: usiuache moyo wako ufe kwa sababu mwenzako amefunga mlango. Tafuta urafiki safi wa ndugu, wa WAWATA au UWAKA, wa kwaya, wa kikundi cha kuweka na kukopa. Fanya kazi unayoipenda. Kula vizuri, tembea, lala. Peleka uchungu wako katika sala bila kuupamba, kama Hana mke wa Elkana alivyoumimina hekaluni hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mtafute paroko, katekista wa ndoa au mshauri nasaha, hata kama utakwenda peke yako. Mara nyingi mmoja akibadilisha namna ya kusema na kujibu, mwenzake naye hubadilika kidogo kidogo. Na asipobadilika, wewe umebaki mzima.

8. Ubaridi na ukatili ni vitu viwili

Yote tuliyoyasema yanahusu nyumba iliyopoa. Nyumba yenye kipigo, vitisho, kulazimishwa tendo la ndoa, kunyimwa chakula au kufungiwa ndani ina ugonjwa mwingine. Hapo hatumwambii mtu aongeze upole na kupika vizuri zaidi. Kumwambia hivyo ni kumrudisha kwenye hatari.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 1153, inatambua kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa sababu halali ya kuondoka. Kutengana kwa ajili ya usalama si kuvunja sakramenti. Aliyeumizwa aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3, atibiwe, na akae kwa ndugu wanaoaminika. "Vumilia, ndiyo ndoa" ni neno ambalo limewazika watu.

9. Wajibu wetu katika Jumuiya

Wazee wa Jumuiya, wasimamizi wa ndoa, mashemeji na mawifi, mna dawa mikononi. Mtu akikuletea siri ya namna hii, msikilize mpaka mwisho. Usimcheke, usimlinganishe na wenye shida kubwa zaidi, wala usiipeleke siri yake kisimani. Usikimbilie kusema nani mkosaji. Mwulize, "Je, uko salama?" kisha, "Unalala? Unakula?" Majibu yakionyesha sonona, msindikize hospitali. Yakionyesha ukatili, msindikize mahali pa usalama. Na wale wanaowafundisha wachumba wasiishie kwenye mahari, nguo na ukumbi. Wawafundishe vijana kusema asante, kuomba msamaha, na kusema "nakuhitaji" bila haya.

Lea aliishi miaka mingi bila kupata alichokililia. Lakini Mungu hakumsahau. Kutoka kwa mwanawe Yuda ulitoka ukoo wa Daudi, na katika ukoo huo akazaliwa Mwokozi wetu. Na Yakobo, alipokaribia kufa, aliagiza azikwe katika pango la Makpela, mahali alipokuwa amemzika Lea. Tunaomba waume na wake wasomao ukurasa huu wasingoje kaburi ndipo wawe karibu. Anza leo jioni, kwa neno moja.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kabila letu, mume na mke huonyeshana upendo kwa njia gani? Ni zipi tumeziacha, na ni zipi tungefaa kuzirudisha?
2. Kwa nini watu wetu huona aibu kusema kwamba wanatamani kupendwa? Wanaume na wanawake wajibu kila kundi peke yake, kisha mlinganishe majibu.
3. Jumuiya yetu itamsaidiaje mtu mwenye dalili za sonona? Ni zahanati au hospitali gani iliyo karibu, na nani atamsindikiza?
4. Tunatofautishaje uvumilivu wa Kikristo na kuunyamazia ukatili?

Kazi ya nyumbani kwa wanandoa: kila mmoja aandike kwenye karatasi jambo moja dogo ambalo mwenzake akilitenda hujisikia anapendwa. Badilishaneni karatasi, na kwa wiki moja kila mmoja atende lililoandikwa na mwenzake. Dominika ifuatayo mshukuruni Mungu kwa pamoja.